Nyasi za Pwani Katika Laga

Pikipiki ilipinduka katikati ya laga, mto mkavu kwenye njia ya mkato kuelekea Rapsu. Galgalo, mwendeshaji, alibaki chini yake, mguu umevunjika. Mtungi wa maji ukapasuka. Abiria wake Kagwiria, mkulima wa vitunguu, alijaribu kuziba ufa kwa kiganja, lakini mchanga ulikwisha kunywa yote.

Simu haikushika mtandao. Kagwiria alimvuta Galgalo kutoka chini ya pikipiki, akaufunga mguu kwa leso na vijiti viwili.

"Unaona kijani kule?" Galgalo akasema. "Nipeleke. Mimi ni mtu wa ng'ombe, mama. Penye nyasi mbichi, chimba tu."

Alimkokota mpaka pale. Nyasi zilikuwa ngumu, zenye ncha kama sindano, zimetambaa kila upande. Alichimba mpaka kucha zikatoka damu. Maji yakaja. Akaonja, akatema.

"Chumvi!"

Galgalo alifumba macho. "Basi ni zile nyasi za mradi. Walizileta kutoka pwani zishike mchanga, wakaenda zao. Sasa zinajiotea. Ng'ombe hawazigusi." Akameza mate yasiyokuwepo. "Niache. Fuata laga, utafute watu."

Kagwiria alisimama. Upepo tu ulisikika. Hakuwahi kuwa mpweke hivyo. Hata sala yake ilionekana kutofika popote. Alipiga magoti hata hivyo. Alipoinamisha kichwa akaona nyasi zimekatwa kwa meno, na kinyesi kibichi.

"Ng'ombe hawazigusi. Nani anazila?"

Galgalo alifumbua macho. "Ngamia. Hufuata chumvi. Lakini wakishiba huenda mbali."

"Hawajazimaliza, watarudi. Sitakuacha."

Usiku ukapita, na asubuhi nayo. Galgalo alianza kuongea na marehemu mama yake. Kagwiria alimkinga jua kwa mwili wake, akaomba bila sauti, kwa kuwa ulimi ulikuwa umekauka.

Mchana kengele za mbao ziligonga. Ngamia waliingia kwenye nyasi mmoja mmoja, na nyuma yao Ubah, mwanamke mfugaji wa ngamia aliyemjua Galgalo.

"Salaam aleikum. Huyu si mtu wa ng'ombe?" Ubah alisema, tayari anakamua ngamia mmoja. "Ulifuata kijani, eeh?"

"Nimetubu," Galgalo akanong'ona. "Mpe mama huyu kwanza."

"Leo umekuwa na adabu!"

Kagwiria alikunywa, maziwa yakimtiririka kidevuni. Galgalo naye akanywa, kisha wakampandisha juu ya ngamia. Kagwiria alitembea kando, mkono wake ubavuni mwa mnyama yule mwenye joto, asitake kuuondoa hata mabati ya nyumba za Rapsu yalipoonekana.