Pumzi Saba Kwenye Simu

Likwata alikuwa na barua mbili za onyo, na ya tatu ingekuwa ya kumfukuza kazi. Zote mbili aliletewa na mdomo wake. Alikuwa karani wa magari mjini Lindi, mwaka 1974, watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, na hakuna lori la kubeba familia lililoondoka bila saini yake. Malori yalikuwa manne. Walioyataka walikuwa wilaya nzima. Simu ililia tangu asubuhi, kila aliyepiga alifoka, na yeye akajibu kwa matusi.

Mwisho wa mwezi mmoja alikwenda posta kupiga simu Dar es Salaam, kuulizia matairi. Foleni ilikuwa imefika barazani. Simu ikakatika mara mbili. Likwata akapiga kaunta kwa kiganja na kumwita opereta mvivu.

Mlango wa pembeni ukafunguka. Akatoka msichana mrefu, gauni la maua ya njano, kanga begani, nywele kasuka twende kilioni, chombo cha kusikilizia kikining'inia shingoni. Watu wakasogea waone vita.

"Kaka," akasema kwa sauti ya chini, "ukipiga kelele waya haufupiki. Keti hapo, vua viatu."

"Nivue viatu posta?"

"Kwani soksi zina matundu?"

Foleni ikacheka. Likwata mwenyewe hakujua kwa nini alitii.

Huyo ndiye Kibibi, opereta mwenyewe. Alimweleza kwamba ubao wa simu, anapounganishia waya, nao huita pande zote kwa wakati mmoja, na Bi Kazija, aliyekikalia kiti kile kabla yake, ndiye aliyemfundisha kutochanganyikiwa. Unaweka nyayo sakafuni, unasikia baridi ya sementi. Unavuta pumzi taratibu, unaitoa taratibu zaidi, mpaka saba. Akili ikitoroka unairudisha, wala huigombezi. Yake siku ya kwanza ilitoroka mpaka kijijini Miteja, kwa mjomba aliyemlea.

Likwata alijaribu ofisini, viatu chini ya meza. Wenzake walisema kapandwa na mashetani. Lakini mwezi ulipoisha alikuwa hajamtukana mtu, na barua ya tatu haikuja. Kibibi naye akawa anampigia ubao unapotulia.

"Karani, umepumua leo?"

"Nimepumua, mpenzi. Ila zote saba nilikuwa nakuwaza wewe."

"Basi hukupumua. Umekoroma."

Wakapendana hivyo, kwa waya na kwa matembezi ya Jumapili. Likwata aliahidi kutuma wazee Miteja kazi ya kuhamisha watu itakapopungua. Haikupungua. Kila mwezi alisema mwezi ujao. Kisha Kibibi akahamishiwa Kilwa Masoko, masika yakaanza, barabara ikakatika kwenye mto Mbwemkuru. Ikabaki simu ya mbali, dakika tatu tu, ukizidisha unakatwa ili wapigao wengine wapate nafasi.

Jumatatu moja Kibibi alipiga ofisini.

"Likwata, sikiliza, muda ni mdogo. Abilahi, yule mwenye mashine ya kusaga, amepeleka posa kwa mjomba. Mjomba anataka jibu kabla ya Ijumaa. Nimwambie una nia, au huna?"

Nusu saa kabla ya hapo Likwata alikuwa amefokewa na mkuu wake mbele ya madereva. Kichwa kilikuwa kinachemka. Neno lililokuwa kwenye ulimi wake lilikuwa tusi kwa mjomba, na alijijua. Akavua viatu. Akaanza kuhesabu.

Pumzi ya nne alimsikia akiita jina lake. Hakujibu, maana alizoea kwamba ukikatisha unaanza upya. Ya sita alisikia sauti ndogo: "Basi. Nimeelewa." Ya saba akafungua mdomo, na Cecilia, opereta mpya wa Lindi, akaingia kusema dakika tatu zimekwisha.

Alipojaribu tena, waya ulikuwa kimya. Mvua ilikuwa imeangusha nguzo ng'ambo ya mto.

Mezani kulikuwa na hati za malori ya kesho, ya kuwachukua watu wa upande wa Milola, ambao nyumba zao zilikwisha kubomolewa. Kwa kawaida hati zilisainiwa asubuhi ya safari, dereva akiwa mbele yake, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuzisaini. Likwata aliziacha bila saini. Akaondoka.

Trekta lilimfikisha Kitomanga. Kutoka hapo alitembea, akavuka mto kwa mtumbwi, akatembea tena. Alhamisi mchana aliingia posta ya Masoko, tope mpaka mapajani, peku.

Kibibi alikuwa ubaoni. Hakugeuka.

"Umekuja kunipumulia tena?"

"Niliogopa kumtukana mjomba wako."

"Nilikufundisha upumue kabla ya kumjibu bosi. Mimi ni bosi wako? Mimi ungenitukana tu, ningejua upo."

"Nina nia, Kibibi."

"Umechelewa. Jana nimetuma neno kwamba namkubali Abilahi."

"Twende ukalirudishe. Nitasema mwenyewe, kwa mdomo huu huu."

"Nikilirudisha, mjomba hataniita mwanawe tena. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Hulijui. Wewe una wazazi."

Kibibi alifuta macho. Kisha akavua chombo cha kusikilizia, akamwomba mwenzake akalie kiti, akachukua mwavuli.

"Twende," akasema. "Na njiani usinyamaze."

Walioana baada ya mfungo. Mjomba aliirudisha posa ya Abilahi mbele ya watu, hakukanyaga harusini, na hakusema na Kibibi mpaka alipozikwa yeye mwenyewe. Likwata alifukuzwa kazi aliyoifanya miaka tisa, akawa mkulima wa korosho. Na upande wa Milola kaya kumi na nne zilikaa kando ya barabara siku tatu zikingoja malori, mvuani, na vyombo vyao. Wazee wawili na mtoto mchanga mmoja hawakufika kijiji kipya.