Mpe Mkono, Mama

Zipu tu. Fundi cherehani alikwenda duka la kona kununua zipu moja nyeusi, jua likizama, binti yake wa miaka sita kamshika mkono wa kushoto. Wa kulia, simu. Mteja mmoja alikuwa akimtumia picha za magauni mfululizo, hili lina mikono, hili halina, mara aandike, mara afute. Watu wengine, jamani!

"Mama, kuna mtu anatufuata."

"Mm."

"Mama, tazama anavyotembea."

"Naona," akasema fundi, na wala hakuona kitu.

"Anasema nimpe mkono wangu huu mwingine. Nimpe?"

"Mpe, mama. Mpe tu."

Alijibu hivyo hivyo, kidole kikipandisha picha. Harufu ya nguo iliyoungua kwa pasi ikapita puani mwake. Kiganja cha mtoto kikapoa ghafla... kikawa baridi kama chuma cha mkasi.

Hakugeuka kumwangalia.

Nyumbani aliketi kwenye cherehani, simu kaiegemeza kwenye kopo la vifungo. Mtoto akasimama kando, kimya. Raha iliyoje! Siku zote huyu ni maswali, ni kuvuruga nyuzi, ni "mama tazama" mpaka kichwa kinauma. Leo katulia kama maji ya mtungini. Fundi akashona zipu nusu, akajibu ujumbe, akashona tena, akafumua alipokosea.

Mama mkwe wake alikuwa kitandani akikunja nguo. Mikono ikasimama hewani.

"Mkwe wangu," akanong'ona. "Huyo uliyeingia naye ni nani?"

"Mama nawe! Si mjukuu wako?"

"Hebu mtazame vizuri."

Fundi akacheka, akateremsha macho kwenye gauni la mtoto. Alilishona mwenyewe juzi, likaishia magotini barabara, na yeye kwa vipimo hakosei. Sasa pindo lilikuwa linaburuta sakafuni. Mikono ya gauni ilikuwa imemeza vidole.

Moyo ukampasuka paa! Akainua macho amwone usoni...

Trii.

Macho yakakimbilia simu. Yenyewe! Akayarudisha. Trii. Yakakimbia tena. Mara tatu alijaribu, na mara tatu uso ule hakuuona.

"Ulinipa," kile kitu kikasema, kwa sauti ya mwanawe.

"Nirudishie mwanangu..."

"Nitazame mpaka nishibe. Ukigeuka, nabaki mimi."

Mama mkwe alishafika nyuma yake. Akamkamata kichwa kwa mikono miwili, kama anayetaka kumsuka.

"Usigeuke. Hata nyumba iungue, usigeuke."

Fundi akatazama. Ulikuwa uso wa mwanawe, ila haujamalizika. Mahali pa macho palikuwa laini, kama kitambaa ambacho bado hakijatobolewa matundu ya vifungo.

Simu ikatetemeka mezani. Mteja. Mteja tena. Kisha mlio wa mumewe, ukaita, ukakatika, ukaita. Shingo ilimkakamaa, machozi yakamtiririka, na aibu iliyoje, katikati ya hofu yote ile bado alitamani kujua mteja kachagua gauni gani! Alijichukia. Akatazama. Simu ikatambaa hadi ukingoni mwa meza, ikadondoka, ikanyamaza.

Akatazama.

Polepole jicho moja likafunguka. Likafuata la pili. Pindo likapanda, likapanda, mpaka magotini.

"Mama, mbona unalia?"

Alimkumbatia nusura amvunje. Akamnusa nywele, akampapasa vidole kimoja kimoja. Vyote kumi, vyote vya moto. Mama mkwe akajibwaga sakafuni, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Kule. Kuna giza, lakini sikuwa peke yangu. Kuna kaka mmoja mdogo, alinisogezea nafasi nikae. Anasema hapa nyumbani kwetu ndipo kwao."

Kicheko cha mama mkwe kikakatika.

"Anasema mama yake alitazama sana, akakaribia kumrudisha. Halafu redio ikaanza kuimba, akageuka kidogo tu."

Fundi akamgeukia mama mkwe. Mama yule alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, macho kayakaza mlangoni. Alizaa mara moja tu maishani mwake. Mtoto wa kiume.

Nje, geti likalia. Hatua zikaja uani, zile zile za kila siku saa tatu, na sauti ya mume wa fundi ikaita kwa uchangamfu:

"Hodi wenyewe! Mbona leo hampokei simu?"

Hakuna aliyemkaribisha.