Fundi Cherehani na Mashairi ya Mapenzi

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni, akaingia chumbani kumsalimia mama yake, kisha akarudi sebuleni kufagia vipande vya vitambaa. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na sebule yao ndiyo iliyokuwa karakana. Msichana huyo alipewa jina la Chiriku kwa sababu ya maswali yake yasiyo na breki. Mama yake, kabla ya kupatwa na kiharusi kilichomfunga ulimi, alikuwa akimtania kwamba siku moja atauliza kwa nini maji yamelowa.

Siku hizo baba alikuwa na jambo. Alishona huku akinong'ona, na Chiriku akitega sikio alisikia "mpenzi wangu" na "ua la moyoni". Mguu wake ulikwenda sambamba na maneno: silabi moja, mkanyago mmoja wa cherehani, mpaka nane, kisha anaanza upya. Akimwona binti yake alinyamaza ghafla na kujifanya anatafuta mkasi, ambao mara nyingi ulikuwa mkononi mwake.

Kwa mara ya kwanza Chiriku hakuuliza. Aliogopa jibu. Akaenda kumweleza rafiki yake, aliyeitwa Redio kwa sababu habari ikimfikia yeye, imeufikia mtaa mzima.

"Mtu mzima hatungi mashairi ya mapenzi bure," Redio alisema. "Kuna mtu hapo. Nani anakuja kwenu sana?"

"Wateja tu. Na anti wa mazoezi kutoka hospitali."

"Mzuri?"

"Mzuri."

"Basi dalili ya mvua ni mawingu. Fungua macho, mwenzangu."

Chiriku akafungua macho, na kila alichokiona kilikuwa na walakini. Mtaalamu yule wa mazoezi alimnyoosha mama mikono na miguu, kisha mlango wa chumbani ulifungwa, na baba akasema, "Nenda kacheze nje kidogo, mwanangu." Kucheza! Tangu lini baba akamtuma mtu kucheza na sakafu haijafagiliwa? Siku moja aliwasikia wakicheka mlangoni. "Leo umezidisha utamu, fundi," mtaalamu alisema. Chiriku alimfikiria mama yake, amelala ndani asiyeweza kusema neno, huku watu wanacheka nyumbani mwake. Hasira zikampanda.

Mtaalamu alipokuja tena, baba alikuwa ametoka kwenda kununua nyuzi.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba, mwanangu. Mama anaendeleaje?"

"Baba amesema usije tena," Chiriku alisema, macho kwenye vidole vya miguu. "Tumepata mtu mwingine."

Mtaalamu akauliza kama kuna alilokosea. Chiriku akatikisa kichwa. Basi akaweka mkoba wake begani, akaondoka.

Baba alimngoja mpaka jioni, na siku yake iliyofuata akamngoja tena. "Labda wagonjwa wamemzidia," alisema kinyonge. Lakini ajabu ni kwamba mashairi hayakukoma. Mchana mmoja Chiriku aliporudi mapema, cherehani ilikuwa kimya, na sauti ya baba ilitoka chumbani: "Mpenzi wangu..." Leo ni leo, Chiriku aliwaza. Akausukuma mlango.

Hakukuwa na mgeni yeyote. Baba alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, ameushika mkono wa mama.

"Mkono nipe nishike, twende wote pole..." Akaachia hapo, akangoja.

Mama alijikusanya. Midomo ikapinda, jasho likamtoka usoni, lakini badala ya neno likatoka chozi.

"Alikuwa ameanza kuweza," baba alisema bila kugeuka. "Yule dada ndiye aliyenifundisha. Mtu aliyefungwa ulimi, akibebwa na mapigo ya shairi, anaweza kulimalizia kabla hajaweza kuomba maji. Tangu aache kuja nahangaika peke yangu, na mama yako anarudi nyuma."

"Mbona mlinificha, baba?"

"Mama yako hakutaka umwone akitaabika hivi. Mwanzoni, kila ulipoingia tukifanya mazoezi, alilia."

Chiriku aliona aibu. "Nilidhani unampenda anti," alisema kwa kwikwi. "Mimi ndiye niliyemfukuza."

Baba hakumpiga wala hakumkaripia. Kisha akainuka. "Vaa viatu. Tunakwenda hospitali, na utayasema kwa mdomo wako."

Chiriku aliyasema yote, analia. Mtaalamu alimsikiliza mpaka mwisho, akamsamehe, na kesho yake akaja. Safari hii mlango haukufungwa. Chiriku aliketi karibu na mto, na mama hakulia. Baba, ambaye tumbo lake lilikuwa linagombana na vifungo vya shati, akakohoa na kuanza:

"Bila wewe nimekonda, kama uzi..."

Mama aliliangalia lile tumbo. Midomo yake ikacheza.

"Mwo... mwongo!"

Neno hilo halikuwamo katika shairi. Lilikuwa lake mwenyewe, la kwanza tangu augue. Baba akacheka, kicheko kikageuka kilio, akafuta machozi kwa futi ya kupimia nguo iliyoning'inia shingoni.

"Ni kweli, mke wangu, hapo nimedanganya," alisema. Kisha akamgeukia binti yake. "Mwanangu, sikuwahi kutunga hata mstari mmoja maishani. Uchungu ndio uliokuwa mwalimu wangu. Mapenzi ya kweli ni kazi. Unaifanya hata kama huijui, hata kama hakuna anayekuona. Na wewe, ukimshuku mtu unayempenda, muulize kwanza. Shaka isiyoulizwa ilitaka kumnyima mama yako ulimi wake."

Chiriku akaitikia kwa kichwa, akaushika mkono wa pili wa mama yake.