Jina la Kwanza kwenye Orodha

Soko Kuu la Morogoro lilikuwa limefurika asubuhi ile ya Jumamosi, na mwizi alikamatwa kwenye marundo ya mitumba akiwa na mkoba wa Winfrida mkononi. Kabla Winfrida hajageuka vizuri, watu walishamwangusha chini wakimpiga kwa ngumi, mateke na mbao zilizobomolewa kwenye masanduku ya nyanya. Winfrida, ndani ya gauni lake la bluu na viatu vya kisigino, alipaza sauti kwamba mkoba amekwisha kuupata, wamwache. Nani amsikilize? Watu wale hawakuwa wakiupigania mkoba wake tena. Kila mmoja alikuwa na machungu yake ya nyumbani, na sasa alikuwa amepata mgongo wa kuyamalizia.

Aliyemsikia alikuwa mmoja tu, kijana mrefu aliyekuwa akiosha karoti kwenye ndoo. Aliruka tenga lake, akamlalia mwizi juu. Ubao uliokuwa unakuja kwenye kichwa cha mwizi ukamshukia yeye begani, ukalia juu ya mfupa. Wauzaji wenzake walimtambua, wakasita, na mwizi akapata upenyo wa kukimbia huku damu ikimchuruzika sikioni.

"Dada, yule ni ndugu yako?" kijana aliuliza, amejishika bega.

"Simjui. Kaniibia."

"Na bado unamlilia?"

"Sikutaka afe kwa ajili ya mkoba. Na wewe je, unamjua?"

"Sijapata kumwona." Alicheka, maumivu yakamkatisha. "Basi wajinga tumekutana."

Winfrida alimfunga mkono kwa mtandio wake. Aliona kifua kilicholowa maji ya karoti, akaona macho yasiyo na haraka, na moyo wake ukafanya mambo ambayo hakuuagiza. Akamwandikia namba ya simu ya ofisini.

"Nipigie uniambie kama bega limepona."

"Na lisipopona?"

"Piga hivyo hivyo."

Alipiga Jumatatu, akapiga Jumanne, na baada ya hapo hakuna siku aliyoiruka. Kijana yule, Halidi, alipiga kutoka duka la dawa karibu na soko, na Theresia wa mapokezi ya simu akawa anamtangaza kwa sauti ya kusikika ofisi nzima: "Winfrida, mzee wa karoti yuko hewani."

"Bibi kamati, hujambo?"

"Sijambo, mgonjwa wangu. Leo mmevuna nini?"

"Karoti na kabichi. Ukisimama kantini ya chuo chenu ukatazama mlimani, yale matuta ya kijani ng'ambo ya kijito ndipo ninapolima. Nikikuona umesinzia ofisini nitakurushia kabichi."

"Jina lako kamili nani wewe?"

"La nini? Unataka kunishitaki?"

"Nataka kuliandika kwenye daftari langu."

"Halidi Hatibu Mkude. Liandike vizuri, mpenzi, lisifutike."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mpenzi, na Winfrida alikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya kukatika.

Winfrida alikuwa karani wa Kamati ya Wafanyakazi ya Habari na Upanuzi, katika Chuo cha Bondwa. Kila Alhamisi wajumbe walikaa kujadili habari za chuo: nani kapandishwa cheo, nani kafiwa, kantini apewe mfanyabiashara gani. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinabinafsishwa, serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na chuo kilikuwa kimeambiwa kijitegemee. Mwenyekiti, Dokta Laurenti, mwanamume wa suti za kijivu na sauti ya kuamrisha, alitaka mabweni mapya kwa wanafunzi wa kulipa. Mahali pa kuyajenga palikuwa ng'ambo ya kijito.

"Wizara inataka orodha ya wakulima walioridhia kuhama," alisema. "Watapewa mashamba mengine Mlali. Karani, kusanya majina ya wanaume wenye mashamba. Wa kwanza kwenye orodha ndiye atakayechagua wa kwanza."

Winfrida alitoka Njombe, na kwao shamba ni la baba, kisha la mtoto wa kiume. Hakuona la kuuliza. Aliona tu kwamba Halidi angehamishwa akipenda asipende, na kwamba yeye, kwa kalamu yake, angeweza kumpatia shamba zuri Mlali kando ya barabara, ambako karoti zake zisingebebwa kichwani kutoka mlimani. Akaliandika jina lake mbele ya yote. Hakumwambia, alitaka kumshtukiza. Wiki iliyofuata jarida la chuo lilitoka na kichwa cha habari kikubwa, kwamba wakulima wameridhia, na chini yake orodha. Nakala ikabandikwa hadi ofisi ya kijiji.

Jumanne kamati ilipanda na wapima ardhi kwenda kuweka mawe ya mpaka penye vigingi vilivyochomekwa awali. Landrova haijasimama vizuri, jiwe la kwanza lililorushwa likavunja kioo cha mbele. La pili likampata mpima mmoja mdomoni, akatema meno. Wanawake walikuwa wanang'oa vigingi, wanaume wameshika mapanga, na katikati yao Halidi alikuwa amepigishwa magoti. Mjomba wake, Mzee Mwinshehe, alikuwa anampiga kwa mpini wa jembe.

"Umeuza shamba la mama yako," mzee alikuwa anasema kila anaposhusha mpini. "Ulizaliwa na nani wewe hata uuze?"

"Sijauza, mjomba. Sijui chochote."

"Jina limeingiaje?"

Winfrida alishuka garini, akakimbia akiwaita waache. Halidi aligeuza uso uliovimba, akamwona. Katika watu wote wa chuo, majina yake matatu aliyajua huyu mmoja. Winfrida alimwona akielewa. Mpini ulivunjika, mzee akanyakua panga, Halidi akanyanyua mkono wa kulia kukinga kichwa, na vidole vitatu vikaanguka kwenye majani ya karoti.

Hospitalini Halidi aliwaambia polisi kwamba alijikata mwenyewe akifyeka. Winfrida alipoingia wodini na chupa ya chai, aligeukia ukutani.

"Halidi, mpenzi, nilitaka upate shamba zuri."

"Sina shamba. Sijawahi kuwa na shamba." Alisema polepole, bila kumtazama. "Kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Ni ya mama na dada zangu na mabinti watakaozaliwa. Mimi nalima tu, na mwangalizi wake ni mjomba. Siwezi kumpa mtu hata mgomba. Wewe umeandika kwamba nimeigawa."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza. Ungeuliza kwenye simu, ningekujibu. Jumamosi ukoo unakaa. Jina likibaki pale, mimi si mtoto wao tena. Sitakuwa na mama wala pa kuzikwa. Nenda, Winfrida."

Alikwenda. Alilia njia nzima mpaka wauza ndizi wakamwonea haya, na alipofika kwake alikuwa amekwisha kuamua.

Alhamisi kikao kilianza kama kawaida, kwa kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Dokta Laurenti alikwisha kufungua kalamu atie sahihi.

"Naomba kurekebisha," Winfrida alisema.

"Karani harekebishi. Karani anaandika."

"Basi niliandika uongo. Yule wa kwanza kwenye orodha hakuulizwa, hakuridhia, wala ardhi si yake. Hakuna mwanamume hata mmoja kwenye orodha ile ambaye ardhi ni yake. Wenyewe ni wanawake, na hatujaongea na hata mmoja."

"Orodha imekwenda wizarani. Keti."

Hakuketi. Alivuta daftari, akaanza kuandika marekebisho. Mwenyekiti alizunguka meza, akamzaba kofi lililomtupa kwenye kabati la mafaili. Wajumbe waliangalia mikono yao. Winfrida aliinuka, damu ya mdomo ikidondokea ukurasa, akaandika mpaka mwisho, kisha akauliza kama taratibu zinavyotaka:

"Kuna wa kuunga mkono?"

Hatimaye Mzee Petro wa bustani, mjumbe aliyezoea kuongelea mabomba tu, alinyanyua mkono wenye udongo kwenye kucha.

"Naunga mkono," alisema. "Na ukimpiga tena, Dokta, nitakuvunja."

Mikono mingine minne ikafuata, ikatosha. Dokta Laurenti alitia sahihi, kwa sababu mkutano ulikuwa umemshinda, kisha akamwambia Winfrida kwamba katika watakaopunguzwa kazi mwezi ule yeye ni wa kwanza. Hilo halikumshangaza mtu.

Jumamosi Winfrida alipanda mlima peku, viatu mkononi, na nakala ya marekebisho kifuani. Ukoo ulikuwa umekaa uani kwa Bi Mwanahawa, mama yake Halidi, mwanamke mwembamba mwenye kaniki. Halidi alikuwa nje ya duara, mkono umefungwa bendeji hadi kiwiko. Hakuna aliyemkaribisha ndani yake.

"Shikamooni," Winfrida alisema. Akaitikiwa na wanawake wawili tu. "Mimi ndiye niliyeandika lile jina. Yeye hakujua."

Mzee Mwinshehe alimfikia kwa hatua mbili, akamchapa fimbo begani, na ya pili mgongoni. Halidi aliinuka, vijana wakamkamata. Winfrida alianguka kwa magoti, lakini karatasi hakuiachia, na akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka penye sahihi ya mwenyekiti. Alipomaliza, fimbo ya mzee ilikuwa imeshuka.

"Nani alikutuma kumwandika?" Bi Mwanahawa aliuliza.

"Sikutumwa, mama. Nampenda. Sikujua, na sikuuliza."

Bi Mwanahawa alimtazama mwanawe, akamtazama kaka yake, akatazama mlima.

"Jina limefutwa kwa watu wa chuo," alisema. "Hapa bado. Vuli imekaribia na mkono wa kulima umekatwa. Uliyeandika, utalima wewe. Matuta yakiisha, nitasema kama huyu ni mtoto wetu."

"Mgeni alime ardhi yetu?" mzee alifoka.

"Kulima si kumiliki, kaka. Si ndiyo maana umemkata vidole mtoto wa watu?"

Mzee Mwinshehe aliketi chini, akafunika uso kwa kofia yake.

Winfrida alilima siku sita. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, akavifunga matambara akaendelea. Halidi alikaa pembeni ya shamba bila kusema neno, mpaka siku ya sita.

"Bibi kamati, hilo ni jembe. Unalishika kama kalamu."

"Mgonjwa kapona ulimi."

"Niliapa sitakusemesha tena."

"Mbona unasema?"

"Nimechoka kunyamaza." Aliutazama mkono wake. "Nikiuona nakukasirikia. Kesho nitakukasirikia tena, nakwambia kabisa. Lakini nataka uwepo, nikukasirikie ukiwa karibu."

Winfrida aliegemea jembe. "Huko ndiko kuposa kwenu?"

"Nina nini cha kuposea? Shamba si langu, mkono si mzima. Wewe kazi huna. Na watoto tukijaliwa, kwetu watahesabiwa wa ukoo wako."

"Na kwetu watahesabiwa wa ukoo wako," Winfrida alisema.

Walitazamana. Lilikuwa jambo la kweli na zito: watoto ambao Njombe wangeambiwa ardhi yao iko Uluguru, na Uluguru wangeambiwa iko Njombe. Winfrida alilifikiria mpaka mwisho wake, safari hii bila haraka.

"Tutawanunulia kiwanja mjini," alisema. "Nioe."

"Nitakuoa," Halidi alisema, na mkono wake mzima ukamshika kiuno, udongo na jasho vyote.

Tuta la mwisho liliisha jua likiwa kati. Bi Mwanahawa alikuja hadi ukingoni, akalikagua shamba mstari kwa mstari, akarudi nyumbani bila kusema. Halidi alikaa chini, kichwa kati ya magoti. Kisha sauti ikatoka jikoni, kubwa, ya kusikika hadi kwa majirani.

"Halidi, mwanangu. Chakula tayari. Njoo na mwenzio."

Halidi aliinama, akafuta uso kwa bendeji. Winfrida akaitika kwa niaba yake.

"Abee, mama. Tunakuja."