Picha ya Nathalie

Fébronie na dada yake Nathalie walilima maharage Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Asubuhi walikwenda shambani, na Pascaline, binti wa Nathalie, akaenda shule. Jioni walikula pamoja ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Maisha ya ukimbizini si mteremko, lakini walikuwa watatu.

Kisha Nathalie akaugua. Alilazwa hospitali Mbarara, na Fébronie akamuuguza siku tisa. Pascaline alibaki kwa jirani yao Chantal, mhudumu wa afya wa kijiji. Siku ya kumi, saa nne asubuhi, Nathalie akakata roho.

Masikini Fébronie! Alilia mpaka sauti ikakauka. Halafu akatoa simu, akampiga picha marehemu. Mnashangaa? Wakati wa vita kwao Kivu, Kongo, mara ngapi waliambiwa fulani amekufa, kumbe yu hai! Kwao kifo kisicho na picha ni uvumi. Akaituma kwenye kundi la simu la watu wa kwao, lenye watu zaidi ya mia mbili, akiwemo Gad, kijana wa jirani.

Alipofika Kashojwa, Pascaline alikuwa amesimama nyuma ya nyumba.

"Mama mudogo, niliona mama mu telefone ya Gad," alisema. "Kinywa kilikuwa wazi. Juu ya nini hukukuja kunielezea weye?"

Kwao, mtoto aliyefiwa na mama huambiwa na mama mdogo, akiwa amepakatwa. Simu ilikuwa imemtangulia.

Baada ya mazishi, Chantal alimwita kando.

"Ile picha uifute."

"Nimeshafuta."

"Umefuta kwako. Gad ameiweka. Mutu mumoja wa kijiji cha Ngarama naye ameituma kwa wengine. Maji yakimwagika hayazoleki, dada."

"Sasa nifanye nini?"

"Tuombe kila mutu afute. Na siku ingine, piga simu kwa mukubwa mumoja wa familia. Yeye akae na watoto kwanza, abaambie. Kisha andika maneno tu. Picha ya mutu inaombwa kwake mwenyewe, na maiti hawezi kukubali wala kukataa."

Walizunguka nyumba kwa nyumba. Gad aliifuta huku ameinamisha kichwa. Mtu wa Ngarama aliomba radhi. Wengine hawajajibu hata leo. Lakini kundi lilikubaliana: hakuna tena picha ya mgonjwa wala ya maiti, na habari ya msiba ianze kwa familia.

Miezi miwili baadaye, mzee Modeste alifia Mbarara. Wajukuu wake waliambiwa wakiwa mikononi mwa bibi yao Constance. Walilia wakiwa wameshikwa. Fébronie aliwatazama, akashukuru, na moyo ukamuuma vibaya sana.

Usiku ule Pascaline alimuuliza, "Mama mudogo, mama hana picha ingine?"

"Hapana, mwanangu. Tulikimbia mikono mitupu."

"Kila nikifunga macho, naona ile tu."

Fébronie akampakata. Wote wawili wakakaa macho mpaka kulipokucha.