Waliosahauliwa Gangi

Kitendawili!

Haya, mmesema tega. Nikikupa hakinipungukii, nikikuficha hakiozi, ila kinanila mimi moyoni. Ni nini?

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Palermo? Siutaki, una kelele. Roma? Nikakae kwa nani huko! Nipeni Gangi, kamji kadogo kalikojikunja juu ya mlima kama paka juu ya paa. Ndiko jirani yangu Nunziata alikosahauliwa na basi.

Tulitoka kuhiji kwa Bikira, mabasi mawili ya parokia, tukasimama Gangi watu wanywe kahawa. Kuondoka, sisi wa basi la kwanza tukadhani Nunziata yuko la pili. Wa la pili wakadhani yuko la kwanza. Na mzee Liborio, mwenzetu wa parokia, naye tukamdhania vivyo hivyo. Wawili hao wakabaki uwanjani na vikombe mkononi, wanatazama moshi wa mabasi.

"Wametuacha," Liborio akasema.

"Naona. Sijapofuka."

"Umekasirika?"

"Nitakasirika nikimaliza kahawa."

Simu ikalia. Ni Gaetano, mwana wa pekee wa Nunziata.

"Mama! Padre anasema hukupanda hata basi moja! Uko wapi?"

"Gangi."

"Na nani?"

Nunziata akamtazama yule mzee mrefu, kofia mkononi, aliyefiwa na mkewe Ujerumani akarudi kwao majuzi tu.

"Na Liborio."

Gaetano akapaza sauti: "Mama, watu watasema umetoroshwa!"

Msicheke. Kwetu Sicilia zamani, msichana akinyimwa mwanamume anayempenda, alitoroka naye usiku mmoja tu. Asubuhi wazee walilia, wakatukana, kisha wakaenda kumwamsha padre afungishe ndoa. Aliyelala nje amelala nje. Hakuna wa kumrudisha.

"Nina miaka sitini na minane, Gaetano. Anitoroshe na dawa zangu za presha?"

"Mimi sicheki! Basi la mwisho la kuja huku linaondoka saa kumi na moja jioni. Panda. Na huyo mzee akae mbali na wewe."

Akakata.

Gaetano alijua analoliogopa. Nunziata alipokuwa na miaka kumi na tisa, Liborio alimnong'oneza dirishani: "Kesho alfajiri nitakuwa stesheni. Utakuja?" Hakupata jibu. Akasubiri stesheni mpaka jua likawa kali, akapanda treni peke yake hadi Ujerumani, akaingia kiwandani. Kabla ya zabibu kuvunwa, Nunziata akaozwa kwa muuza samaki aliyechaguliwa na baba yake. Sasa baba alishakufa, na muuza samaki naye. Swali ndilo halikufa.

"Twende wapi?" Liborio akauliza.

"Popote. Leo sipikii mtu."

Wakashuka chini ya kanisa kuu, waliko mapadri waliokufa zamani, maiti zao zimekaushwa, wamevishwa kanzu zao, wamesimama ukutani kama wanangoja kengele ya misa.

"Wanatuangalia," Liborio akanong'ona.

"Waache watuangalie. Hawa ndio mapadri pekee ambao hawataniambia nirudi nyumbani."

Ujumbe ukaingia: "Mama, watoto wanauliza nani atapika leo."

Akajibu kwa kidole kimoja: "Jiko liko palepale. Wewe una mikono."

Mchana Gangi yote ikafunga milango ikalala. Wakapanda ngazi, wakashuka ngazi, wakapotea, wakatokea tena palepale kwenye paka mmoja. Liborio akacheka mpaka akashika mbavu. Walipokaa kwenye kivuli kupumzisha magoti, dirisha likafunguka juu yao, kikapu kikashuka kwa kamba. Ndani mkate wa moto, umepakwa mafuta ya zeituni, una nyanya na samaki wa chumvi.

"Kuleni," mwanamke akasema kutoka juu. "Nimewaona mkipita mara kadhaa. Ninyi ni mume na mke?"

Liborio akaanza kukohoa. Nunziata akainua kidevu.

"Tumetoroka."

"Mama yangu! Kwa umri huo?"

"Ndio umri wenyewe, dada. Baba yangu amekufa. Nani tena atanifungia mlango kwa ufunguo?"

Mwanamke akacheka, akavuta kikapu chake. Liborio hakucheka. Mkate ulisimama karibu na mdomo.

"Alikufungia mlango? Alfajiri ile?"

"Kula, unapoa."

"Nunziata, maisha yangu yote nimejua kwamba hukunitaka."

"Ulijua, au ulidhani?"

"Basi niambie. Ungekuja, au usingekuja?"

Nunziata akamalizia mkate wake. Alikuwa mke wa mtu miaka mingi mno. Jibu lile alilikalia kama kuku anavyolalia yai la jiwe. Akakung'uta makombo kwenye sketi.

"Twende. Basi linakaribia."

Basi likafika. Dereva akafungua mlango.

"Bibi, unapanda?"

Simu ikalia. Huku kwetu Gaetano alikuwa mbele ya kanisa, ameweka spika, maana alitaka sote tusikie mama yake akirudi kwa heshima. Mtaa mzima ulimzunguka. Mimi nilikuwa mbele, sikosi mambo kama hayo.

"Mama, umepanda?"

"Panda, Nunziata," Liborio akasema taratibu. "Usikosane na mwanao kwa ajili yangu."

"Na wewe umeanza kuniamrisha?"

"Mama, nakusikia unaongea naye! Ukilala huko leo, mimi sikanyagi tena kwako!"

"Ukija utakuta mlango wazi, mwanangu. Mimi sifungii mtu."

Uwanjani kwetu watu wakaisogelea simu.

"Bibi, nachelewa," dereva akasema.

"Nenda, mwanangu. Chakula chako kisipoe."

Tulisikia mlango wa basi ukijifunga. Tulisikia injini ikishuka mlima, ikafifia. Gaetano aliishika simu kama mtu aliyeshika sahani ya moto, hajui aiweke wapi.

"Mama? Mama!"

"Subiri, Gaetano. Usikate. Nataka usikie na wewe." Kisha sauti yake ikageukia upande mwingine. "Liborio. Rudia swali lako. Liulize kama ulivyoliuliza dirishani."

Mzee wa watu akameza mate, nasi tukayasikia.

"Nitakuwa stesheni," akasema. "Utakuja?"

"Ndiyo," Nunziata akasema. "Hata siku ile ilikuwa ndiyo. Nilikuwa nimeshavaa viatu."