Machipukizi Mawili

"Nimesema hapo usichimbe!"

"Sasa nguzo itasimama wapi, Baba? Hewani?"

"Popote, Viola. Lakini si kwenye hiyo pembe."

"Si uniambie ni kwa nini basi! Mvua ikianza na kivuli cha miche kimepinda, watu watatucheka. Ati watu wa nasari, hata neti imewashinda."

Mzee Khaoya alimgeukia binti yake mgongo. Alipangusa uso kwa kofia, akapanda pikipiki iliyokuwa ikimngoja ili aende Kitale kuchukua neti mpya ya kivuli. "Usichimbe," alisema tena, na safari hii alikuwa kama anaomba.

Kilikuwa kiangazi. Wakati huo hakuna anayenunua miche huku Ndalu, na ndipo familia hii hukarabati nasari yake. Viola, msichana wa miaka kumi na saba, aliacha shule mwaka ule kaka yake Masibo alipochukuliwa na Mto Nzoia akivusha miche. Tangu hapo, kazi zote za Masibo zilikuwa zake. Alizipenda. Kitu alichoshindwa kuvumilia ni kivuli kilichopinda.

Jua lilipoanza kuzama, alichukua jembe.

Kwingine kote ardhi ilikuwa imekauka ikapasuka. Pale pembeni, jembe lilizama kama kwenye unga. Harufu ikapanda... harufu ya matope ya mto. Viola akakunja pua, akachimba tena.

Pwaa.

Halikuwa jiwe. Lilikuwa gogo la mgomba, refu kama mtu, limevalishwa shati la bluu lililofifia. Viola alishangaa. Mgomba ukizikwa huoza upesi. Huu ulikuwa mbichi, na ubavuni, moja huku na moja huku, ulikuwa umetoa machipukizi mawili meupe, manono.

Mwingine angekimbia. Lakini Viola alilelewa kwenye nasari, na chipukizi hai hakuweza kuliacha life. Alitoa kisu, akayakata yote mawili, akayapanda kwenye mifuko myeusi yenye mbolea. Kisha akayamwagilia maji.

Maji yakanywewa papo hapo. Akaongeza. Yakanywewa tena...

Ndipo alipotazama kisu. Utomvu wa mgomba hutoka kama maji, kisha hugeuka kahawia.

Huu ulikuwa mwekundu.

Pikipiki ilinguruma nje. Baba yake aliingia na neti begani, akaliona shimo. Neti ikamdondoka.

"Umefanya nini?" alinong'ona.

"Ni mgomba tu, Baba..."

"Ni kaka yako."

Alimvuta nyuma ya ghala, mama asisikie. "Uliporudi kutoka bwenini tulikuambia tumemzika Sirisia, kwa babu yako. Hatukuzika mtu. Mto haukumrudisha. Wazee wakasema tuzike mgomba kwa jina lake, na shati lake, ili atulie. Mama yako alikataa katakata, ati mwanawe si ndizi. Ndiyo nikauzika pale usiku, nikapanga miche juu."

"Na asipotulia?"

"Atakuja nyumbani. Na atakayemfungulia mlango, huyo ndiye ataondoka naye."

Wote wawili wakaitazama nyumba. Mlango ulikuwa wazi. Tangu Masibo apotee, mama hakukubali ufungwe kabla watu hawajalala. Kila jioni alikuwa na neno lile lile: "Mkimfungia, atapita wapi?"

Wakakimbia. Mzee Khaoya akausukuma mlango, akaweka komeo.

Mama alikuwa anasonga ugali. "Heee! Mmeona wezi, bana?"

"Mama Masibo, leo usifungue. Nakuomba."

"Mzee mzima unaogopa giza? Na hata halijaingia!"

Akacheka. Halafu kicheko kikakatika.

Nje, kutoka upande wa miche, mtu alikuwa anapiga mluzi. Ule mluzi wa Masibo, aliokuwa akiupiga akikaribia nyumba ili awekewe chakula.

Mbwa alibweka mara moja. Akanyamaza.

Nyayo zikaja taratibu... zenye maji. Harufu ya matope ikapenya chini ya mlango, na nyuma yake maji yenyewe, mchirizi mwembamba, yakitambaa kwenye sakafu hadi miguuni pa Viola.

Mwiko ukaanguka.

"Mama, usiende," Viola alinong'ona, akamkumbatia kiunoni kwa nguvu zote. "Mama, tafadhali..."

"Niachilie, we mtoto! Humsikii?"

Mzee Khaoya aliegemeza mgongo mlangoni. Mkewe akamsogeza kama mtu anayesogeza pazia, akashika komeo.

Du.

Haikuwa ngumi. Ni kama mtu alikuwa anagonga kwa paji la uso.

Du... du...

Viola akafumba macho. Akilini aliiona mifuko ile miwili aliyoipanga kwa uangalifu kando ya shimo, mmoja huku, mmoja huku.

"Masibo?" mama aliita, machozi yakimtiririka. "Mbona hugongi vizuri, mwanangu?"

Sauti ikajibu kutoka nje, ya upole, karibu kabisa na ubao wa mlango:

"Nifungulie wewe, Mama. Viola amenikata mikono yote miwili."